Naomba ushauri: vitabu 300, chumba kimoja, nataka iwe maktaba na si stoo

Msomaji wa Pembeni (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Nina vitabu kama 300 kwenye maboksi na juu ya meza. Karibu nusu ni vya taaluma: isimu na historia ya safari za baharini. Vilivyobaki ni ushairi, riwaya za kijasusi na vichache vya bustani. Nimepata chumba chenye ukuta mtupu wa mita 2.4. Nianze na nini? Kabati liweje? Nivipange kwa mfumo gani, na niongeze vipi bila kununua hovyo? Kuna pia mafaili ya PDF kama elfu moja ambayo sijui hata yako wapi. Karibuni.

Kalamu ya Risasi

Karibu mkuu. Kabla hujamwita fundi, tengeneza katalogi. Ukishajua una nini, ndipo utajua unahitaji mita ngapi za rafu, kipi umenunua mara mbili, na swali lipi la utafiti wako halina kitabu hata kimoja.

Kwa upande wa taaluma tumia programu ya Zotero. Ni ya bure, na orodha hiyohiyo itakutolea marejeo siku ya kuandika. Unaingiza ISBN, namba ya utambulisho ya kitabu, yenyewe inavuta mwandishi, kichwa, mwaka na mchapishaji. Usiiamini moja kwa moja: mara nyingine huleta taarifa za toleo jingine. Linganisha na ukurasa wa hakimiliki ulio nyuma ya ukurasa wa kichwa, usitazame jalada. Vitabu vya kabla ya miaka ya 1970 kwa kawaida havina ISBN, hivyo utaviandika kwa mkono. Vya kabla ya 2007 vina tarakimu 10, vya baada ya hapo vina 13 zinazoanza na 978 au 979. Kugeuza ya 10 kuwa ya 13 si kubandika 978 mbele tu. Tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki, nayo hukokotolewa upya.

Kisha ongeza mambo matatu ambayo programu haitakuletea. Kwanza, mahali kitabu kilipo: K2-R4, yaani kabati la pili, rafu ya nne. Pili, aliyekiazima na tarehe. Tatu, sentensi moja ya kwa nini unacho. Hii ya tatu watu huiruka, na ndiyo yenye faida kuliko zote: kitabu kisichoandikika sentensi hiyo ndicho cha kwanza kutoka nafasi ikibana.

Fundi Randa

Naongezea upande wa mbao, maana hapa ndipo watu hulia baada ya mwaka mmoja.

Kitabu cha kawaida kina unene wa sentimita 2.5 hivi. Vitabu 300 ni kama mita 7.5 za rafu. Acha theluthi ya ziada ya kukua, unafika mita 10. Mita moja ya rafu iliyojaa hubeba takriban kilo 25 hadi 35, na vitabu vya picha vyenye karatasi nzito huzidi hapo. Kabati la sentimita 60 lenye rafu sita ni mzigo wa mtu mzima mmoja na nusu hata kabla hujahesabu mbao zenyewe.

Ukuta wa mita 2.4 utakushawishi ujenge makabati matatu ya sentimita 80. Usikubali. Jenga manne ya sentimita 60. Kupinda kwa rafu yenye mzigo ulioenea huongezeka kwa kipeo cha nne cha urefu wake, kwa hiyo kutoka 80 kushuka 60 kunapunguza mpindo hadi karibu theluthi. Unene nao unasaidia, ila kwa kipeo cha tatu: ubao wa milimita 25 ni mgumu mara 2.7 kuliko wa milimita 18. Plaiwudi ya milimita 18 inatosha kwa upana huo. Mbao zilizoshindiliwa kwa chembechembe na gundi hulegea taratibu zikibebeshwa mzigo wa kudumu, na zikinyonya unyevu huvimba zisirudi. Kama ndizo ulizo nazo, gundisha ufito wa mbao wa sentimita 4 ukiwa umesimama kwenye ukingo wa mbele wa kila rafu. Gharama yake ndogo, ugumu wake mkubwa.

Kina: sentimita 25 kwa vingi, 30 kwa safu ya chini ya atlasi. Rafu ndefu kwenda ndani hukaribisha safu ya pili ya vitabu mbele, na kitabu cha nyuma ni sawa na kilichopotea. Acha sentimita 10 chini ili maji yakimwagika yasiguse, na sentimita 3 hadi 5 nyuma ili hewa ipite. Nyuma kukiwa na nafasi hiyo, weka kipande cha mbao katikati ya ukuta na kabati pale juu, kisha funga kwa chuma cha umbo la L. Kabati lisilofungwa ukutani huanguka mtoto akipanda rafu kama ngazi.

Bi Katalogi

Kwenye mfumo, wengi watakutuma kwa Dewey, ule wa mwaka 1876 wenye mafungu kumi kuanzia 000 hadi 900. Ni mzuri kwa maktaba ya umma. Kwa maktaba ya mtu mwenye maswali yake, unaweza kukuvuruga.

Tazama mada yako ya bahari. Biashara na usafiri wa majini viko 387. Ujenzi wa vyombo na uongozaji wake uko 623.8. Masimulizi ya safari yako 910.4. Vitabu vitatu unavyovifungua pamoja mezani vitakaa pembe tatu za chumba. Kwenye fasihi ni zaidi: 810 hadi 880 zimegawiwa lugha za Ulaya na fasihi ya Marekani, halafu dunia nzima iliyobaki inabanana 890, na fasihi ya Kiswahili inaangukia 896.392. Ukiwa na rafu mbili za ushairi wa Kiswahili, utakuwa unaandika namba ndefu ileile kwenye kila kitabu bila kutenganisha chochote.

Nenda na mafungu sita au saba ya kwako, yaliyotokana na kazi unayofanya: BAH kwa bahari, ISI kwa isimu, USH kwa ushairi, RIW, BUS, na MAR kwa kamusi, atlasi na vitabu vya marejeo. Ndani ya fungu, herufi tatu za jina la mwandishi, kisha mwaka. Fungu likizidi vitabu 60 hivi, ligawe. Likiwa na chini ya kumi, liunganishe na jirani. Usigawe mapema kwa kuota utakavyokuwa navyo.

Kalamu ya Risasi

Nakubaliana nawe dada, isipokuwa kwenye isimu. Mgawo wa Dewey wa 410 kwa isimu ya jumla na 420 hadi 490 kwa lugha mojamoja unafanya kazi vizuri, na akitumia namba hizo ataoana na rafu za maktaba yoyote ya chuo inayotumia Dewey.

Bi Katalogi

Sawa, isimu nakuachia.

Msomaji wa Pembeni

Asanteni sana. Swali dogo: lebo nibandike wapi? Na riwaya nizichanganye na ushairi kama mwandishi ni mmoja?

Bi Katalogi

Usibandike chochote kwenye mgongo wa kitabu chako. Gundi ya lebo hukauka, lebo huanguka, doa hubaki. Andika alama kwa penseli laini kwenye kona ya juu ya karatasi ya kwanza ndani. Ukitaka ionekane kutoka nje, kata ukanda wa karatasi isiyo na asidi wenye upana wa sentimita 3, uuchomeke ndani ukitokeza sentimita 2. Riwaya na ushairi vitenge. Unapotafuta riwaya unatafuta jina la mwandishi, ila kwenye ushairi mara nyingi unatafuta zama au bahari (yaani aina) ya shairi.

Mpekuzi wa Marejeo

Mmemweleza pa kuviweka. Mimi niseme namna ya kuvichagua, maana kabati zuri lenye vitabu vya kubahatisha bado ni stoo.

Andika maswali matano hadi manane ambayo kweli unayafuatilia. Si "historia ya bahari", bali "mabaharia walijuaje majira ya kurudi" au "maneno ya vyombo yalihamaje kutoka lugha hadi lugha". Kila swali linahitaji vitabu vya aina nne: cha marejeo, chanzo cha msingi chenye maandishi ya wakati ule, utangulizi mmoja wa kisasa, na angalau viwili vinavyopingana. Ukikagua utaona una tangulizi tano zinazosema jambo moja na huna chanzo cha msingi hata kimoja. Ndiyo kasoro ya kawaida, kwa sababu tangulizi ndizo zinazopambwa madukani.

Kutafuta kilicho muhimu: chukua vitabu vitatu vya karibuni juu ya swali moja, vya waandishi wasiokubaliana. Fungua orodha zao za marejeo mwishoni, weka alama kila kichwa kinachotokea kwenye zote tatu. Orodha itakayobaki huwa fupi, na ndiyo kiini. Kinachotajwa na mmoja tu, kiazime kwanza. Fanya hivyo kila unapoanza swali jipya.

Matoleo nayo. Chapa mpya si toleo jipya. Kwenye ukurasa wa hakimiliki wachapishaji wengi huweka mstari wa tarakimu kama 10 9 8 7 6 5 4 3. Ndogo kuliko zote ndiyo namba ya chapa, hapo ni ya tatu, na maandishi kwa kawaida ni yaleyale. Toleo la pili lenye sura mpya hutajwa kwa maneno na lina dibaji yake. Isome hiyo dibaji kabla ya kulipia.

Kwa kilichotumika, kagua hivi: fungua katikati uone kama kurasa zinaachia gundi, nusa, kisha pitia namba za kurasa. Vitabu hukusanywa kwa mikunjo ya kurasa 16 au 32, hivyo kosa la kiwandani hupoteza au kurudia mkunjo mzima. Ukiona 96 inafuatwa na 113, mkunjo mmoja haupo. Vitabu vya bahari vihesabie ramani za kukunjua. Ndizo huchanwa, na ndizo hukosekana kwenye nakala za kuchapwa kwa oda kutoka picha za vitabu vya zamani, kwa sababu aliyepiga picha hakuzikunjua. Cha taaluma kisicho na faharasa kishushe thamani. Utautafuta ukurasa mmoja kwa nusu saa.

Fundi Randa

Hapo kwenye kunusa nashikilia. Harufu ya uvundo ni ukungu, na kitabu hicho hakiingii kwenye rafu hadi kitengwe na kikauke.

Mlinzi wa Karatasi

Na ukungu hauhitaji maji, hewa nzito inatosha. Nunua haigromita ndogo, yaani kipima unyevu wa hewa. Lenga unyevu wa asilimia 40 hadi 55. Ukikaa juu ya 65 kwa siku kadhaa, ukungu unaota. Silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, kwenye chumba cha wazi ni bure, inafaa ndani ya sanduku lililofungwa tu. Kitabu chenye ukungu kitenge, kikaushe kivulini kwenye hewa inayopita, vaa barakoa, kisha kipanguse nje kwa brashi laini. Kitambaa chenye maji kinausukuma ukungu ndani ya karatasi.

Ukiona vumbi laini na vitundu, ni viluwiluwi vya mbawakawa. Funga kitabu kwenye mfuko wa plastiki, toa hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa usifungue mfuko kwa siku nzima. Mvuke utageuka maji nje ya plastiki badala ya kwenye kurasa. Kwa mchwa friza si dawa, tatizo liko kwenye jengo.

Acheni pia kuvalisha vitabu plastiki ya kujibandika, na kuziba michaniko kwa utepe wa gundi. Utepe hugeuka kahawia na doa lake halitoki. Michaniko inazibwa kwa karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano.

Kalamu ya Risasi

PDF nazo mkuu, usianze na zote elfu. Jina la faili liwe jina_mwaka_kichwakifupi, bila nafasi. Unganisha kila moja na kumbukumbu yake ndani ya Zotero; riwaya za kielektroniki zipeleke Calibre, programu ya kupanga vitabu vya aina hiyo. Unachoskani mwenyewe kiwe nukta 300 kwa inchi, maandishi madogo 600, kisha pitisha Tesseract, programu ya kugeuza picha ya maandishi kuwa maandishi, ambayo ina data ya Kiswahili, ili uweze kutafuta neno ndani. Nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, moja ikae nje ya nyumba. Kilicho na nakala halali ya bure mtandaoni yenye kurasa zote, usikinunulie karatasi isipokuwa unataka kuandika pembeni.

Msomaji wa Pembeni

Nimeanza na boksi la kwanza, nimekwama kwenye majina. Mwenye "bin" katikati namweka wapi?

Bi Katalogi

Nakili jina kama lilivyo kwenye ukurasa wa kichwa, panga kwa jina la mwisho, "bin" na "binti" visihesabiwe kwenye mpangilio. Kitabu kingine kikiandika jina lake tofauti, usibadilishe. Weka kadi ya "tazama" chini ya umbo hilo jingine, ikuelekeze kwenye umbo ulilolichagua kwanza.