Wasifu wa Nonna: gumzo la kikundi cha familia

Mama Neema: Shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Misa ya mwaka mmoja tangu Nonna (yaani bibi, kwa Kiitalia) atutoke ni Jumapili ijayo, wasifu utasomwa baada ya komunyo. Rasimu niliyonayo: "Alizaliwa Machi 1926 mkoa wa Avellino, kusini mwa Italia. Mwaka 1931 yeye na mama yake waliingia Marekani kupitia Ellis Island, kisiwa cha kukagulia wahamiaji bandarini New York, ambako karani alibadilisha jina lao la ukoo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alihesabiwa adui wa nchi. Alishona magauni East Harlem, New York, miaka 36, akaishi Bronx hadi alipotutoka akiwa na miaka 98." Tusaidiane kuisahihisha.

Joel: Asante dada. Kuna mambo matatu hayajakaa sawa.

Joel: La kwanza, Ellis Island. Baada ya sheria ya uhamiaji ya 1924 viza na uchunguzi vilifanyika kwenye ubalozi mdogo wa Marekani kabla ya safari. Abiria wengi wa 1931 walikaguliwa melini na kushuka bandarini New York. Kisiwani walipelekwa hasa wenye shida ya karatasi au afya, au wanaosubiri ndugu aje kuwachukua. Fungua orodha ya abiria wa meli yao, nenda kurasa za mwisho, kwenye orodha ya waliozuiliwa. Huko utaona sababu ya kuzuiliwa, saa waliyoachiwa, hata idadi ya milo waliyokula. Kama hawamo, andika "walitua bandari ya New York", basi.

Neema: Shikamoo mjomba. Nimetafuta mama yake Nonna kwenye hizo orodha kwa jina la mumewe, hayumo.

Joel: Marahaba Neema. Mtafute kwa jina la ukoo wa kwao. Mwanamke wa Kiitalia kwenye hati za serikali hubaki na jina la baba yake, na mara nyingi ndilo lililoandikwa melini. Hapo hapo unaona shida ya jambo la pili, la karani kubadilisha jina. Orodha iliandikwa na kampuni ya meli huko Napoli. Mkaguzi wa New York aliipokea ikiwa imeshajazwa, hakuwa na kazi ya kubuni majina. Ukoo ulibadilika baadaye, shuleni, kazini au siku ya kuomba uraia. Pangeni karatasi zote kwa tarehe, muone ni ipi ya kwanza yenye tahajia mpya.

Mama Neema: Mama mkwe anasema ombi la uraia la babaye Nonna lipo kwenye sanduku, aliapishwa 1929.

Joel: Hiyo karatasi ni dhahabu. Ndani yake kuna jina la mke na la kila mtoto na tarehe za kuzaliwa. Na ndiyo inayoeleza walivyopata njia. Kwa sheria ile ya 1924, Italia nzima wakati huo ilikuwa na nafasi 5,802 tu za wahamiaji kwa mwaka, ila mke na watoto wadogo wa raia hawakuhesabiwa humo. Baba angebaki mgeni, huenda wangesubiri miaka mingi.

Joel: Sasa la tatu, la adui wa nchi. Kama baba alikuwa raia, Nonna aliyefika akiwa mtoto alikuwa raia tangu alipoanza kuishi hapa. Hakuhesabiwa adui. Aliyehesabiwa ni mama yake.

Neema: Mbona mama hakuupata uraia na mume alikuwa nao?

Joel: Kabla ya Septemba 1922 angeupata papo hapo. Sheria ya mwaka huo ikatenganisha uraia wa mke na wa mume, ikambidi aombe mwenyewe. Wengi hawakuomba kwa sababu ya mtihani wa Kiingereza na nyumba iliyojaa watoto. 1940 wageni wote waliandikishwa, na wenye miaka 14 na zaidi wakachukuliwa alama za vidole. Vita na Italia ilipofika, Waitalia wapatao 600,000 wasio raia wakawa "maadui": kijitabu cha rangi ya waridi chenye picha, ruhusa ya kusafiri, marufuku kuwa na kamera au redio ya masafa mafupi. Oktoba 12, 1942 Mwanasheria Mkuu Francis Biddle akatangaza kuwaondolea Waitalia hadhi hiyo. Nonna alikuwa na miaka 16. Mkisema hivyo kanisani, watu wataelewa kwa nini alishika sana habari ya kupiga kura.

Mama Neema: Umenigusa kaka. Naandika upya.

Zuhura: Na hiyo miaka 36 ya kushona imehesabiwaje? Kadi yake ya chama cha wafanyakazi ni ya Tawi 89, la washona magauni wa Kiitalia, chini ya ILGWU, chama cha washona nguo za wanawake. Kadi hizo zina stempu za ada. Hesabuni miaka yenye stempu, msikisie. Nyaraka za chama zipo Chuo Kikuu cha Cornell.

Zuhura: Na picha za ile albamu ya kurasa zenye gundi msizivute kwa kucha, zinapasuka uso. Pitisha uzi wa kusafishia meno chini ya picha taratibu. Ikigoma, skani ukurasa mzima kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi). Majina andikeni nyuma kwa penseli laini, wino hupenya. Wekeni na mwaka wa kuzaliwa: binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba, kwa hiyo binamu watatu wana jina moja na la Nonna.

Mama Neema: Haya, na mchuzi wa Jumapili? Tupo 20.

Neema: Nimenakili vipimo vya Nonna. Nyanya nzima za kopo la gramu 794, makopo matano, zivunjwe kwa mkono. Mifupa ya shingo ya nguruwe kilo moja na nusu, soseji kilo moja na nusu, nyama ya kusaga kilo mbili, braciole (vipande vyembamba vya nyama vilivyoviringishwa na kufungwa uzi) kumi. Pasta kilo mbili na robo.

Mama Neema: Kaanga nyama kidogo kidogo hadi iwe kahawia. Ukiijaza sufuria inatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Kitunguu saumu kikigeuka rangi ya dhahabu tu, weka nyanya ya kopo nzito, kaanga dakika tatu hadi iive rangi. Kikiungua, mwaga uanze upya, uchungu ule hautoki. Kisha nyanya, mifupa na braciole kwa muda wa saa tatu, moto mdogo, mfuniko uachie mwanya. Soseji saa ya mwisho, vibonge vya nyama ya kusaga dakika 40 za mwisho. Chini ikishika usikwangue, hamishia sufuria nyingine.

Neema: Vibonge vyangu vinakuwa vigumu.

Mama Neema: Unakanda sana. Mkate wa jana loweka kwenye maziwa, kamua, uwe robo ya uzito wa nyama. Changanya kwa vidole hadi vishikane, uache.

Zuhura: Sisi tusiokula nguruwe?

Mama Neema: Sufuria yenu ni ya mbavu za ng'ombe wa halali, bila divai, na mwiko wake peke yake. Nonna alifanya hivyo tangu harusi yetu.

Joel: Nani analeta uzi wa kufungia braciole?

Zuhura: Mimi. Wa pamba, maana wa nailoni unayeyuka.