Naomba ushauri: Abushiri, shujaa au mwenye watumwa?

Wakuu, habari za jioni. Nafundisha historia sekondari hapa Bagamoyo. Juzi nilikuwa kwenye mada ya vita vya watu wa pwani dhidi ya Wajerumani, 1888 na 1889, nikawaambia wanafunzi Abushiri bin Salim, aliyeviongoza, ni shujaa, Wajerumani walimnyonga Pangani Desemba 1889. Binti wa dawati la mbele akanyoosha kidole: "Mwalimu, si alikuwa na mashamba ya miwa yanayolimwa na watumwa?"

Kweli, alikuwa nayo. Nikakubali, nikaongeza kwamba Wajerumani waliita vita hivyo "uasi wa Waarabu" na kujifanya wanapinga utumwa, wakapata fedha za bunge lao Berlin. Darasa lilichangamka, raha tupu.

Leo baba mmoja kaja na daftari la mwanawe, neno "watumwa" kalizungushia wino mwekundu. Eti nachafua wazee wa pwani, naleta siasa. Mwenzangu ofisini (huyu naye!) ananiambia, "Soma kitabu, funga kitabu."

Kesho kutwa nina kipindi hichohicho na mkondo mwingine. Waliowahi kufundisha mada hii, mliisemaje? Na yule mzee nimwendee nyumbani, au nimwachie mkuu wa shule?