Je, gazeti la Kiongozi la Tanga lina nafasi katika historia ya uhuru wa habari?

Mwana wa Ngamiani
Ndugu zangu, asalaam aleikum. Nafundisha historia hapa Tanga, na wanafunzi wamenibana. Gazeti la Kiongozi lilichapwa mjini kwetu, katika shule ya serikali ya Wajerumani, mpaka Waingereza walipoingia mwaka 1916. Je, ni haki kulihesabu katika historia ya uhuru wa habari, ilhali mwenye mtambo ndiye aliyekuwa mtawala?

Mkaazi wa Raskazone
Waalaikum salaam, Mwalimu. Mimi siwezi kuliita gazeti huru. Katika mji huu huu walowezi walikuwa na gazeti lao la Kijerumani, Usambara-Post, na magazeti ya walowezi yalimshambulia Gavana Rechenberg waziwazi kwa madai kwamba anawapendelea wenyeji. Mswahili aliyeandika katika Kiongozi hakuwa na ruhusa hiyo hata chembe. Uhuru wa kumkosoa mkubwa ulikuwepo Tanga, ila ulikuwa wa wenye mashamba.

Binti Pangani
Hayo ni kweli, kaka, lakini tusiwasahau walioandika humo. Walimu na makarani waliotawanyika bara walipeleka habari za vituo vyao pamoja na mashairi, na kwa njia hiyo mtu wa pwani akapata kusoma, kwa lugha yake, maneno ya mwenzake aliye mbali asiyemjua kwa sura. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa, ingawa uhuru wenyewe ulikuja kudaiwa baadaye: Erica Fiah alianzisha gazeti la Kwetu mjini Dar es Salaam mwaka 1937, na mwaka 1958 wahariri wa gazeti la Mwafrika, Robert Makange na Kheri Rashidi Baghdelleh, wakafungwa kwa uchochezi. Mwaka huo huo Nyerere alitozwa faini ya shilingi 3,000 kwa aliyoyaandika katika Sauti ya TANU kuhusu maofisa wa wilaya.

Mkaazi wa Raskazone
Umenena vyema, dada. Basi Mwalimu asiishie mwaka 1961, maana hapo ndipo wengi wetu hufunga daftari. Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976 ilimpa waziri mamlaka ya kulifungia gazeti, na bado ilikuwa ikitumika mwaka 2013, Mwananchi na Mtanzania yaliposimamishwa. Wape wanafunzi kesi za 1958 na sheria hiyo wazisome kwa pamoja, kisha waulize ni nani, katika kila zama, aliyeruhusiwa kuamua kwamba maneno fulani ni uchochezi.