Naomba ushauri: mashine ya rola tatu ya kukunjia pete za chuma za gari la farasi

Mwana wa Mhunzi

Mbukwenyi wadau.

Nina karakana ndogo hapa Kibaigwa, si mbali na soko la mahindi. Kazi zangu ni zile zile za kila siku: milango, grili za madirisha, matela ya pawatila, mikokoteni ya punda. Kitu cha duara nimezoea kukikunja kwa nyundo juu ya bomba. Marehemu baba alikuwa mhunzi, alikunja kwa macho tu na pete ikatoka duara. Mvukuto aliniachia, macho akaondoka nayo.

Sasa nimeshika kazi ambayo sijawahi kuigusa. Mama mmoja mwenye ukumbi wa harusi Dodoma mjini anataka gari la farasi. Si mkokoteni, ni gari hasa: magurudumu manne, ya nyuma makubwa, ya mbele madogo, kofia ya kukunja nyuma, maharusi wakae juu wapunge mikono. Seremala ameshakubali kuchonga magurudumu kwa mninga, ya nyuma kipenyo milimita 1100, ya mbele 800. Chuma chote ni juu yangu: pete za kuvaa magurudumu, bangili za vitovu, matao ya kofia, vikanyagio, na lile duara la chini linaloifanya ekseli ya mbele igeuke.

Nimejaribu pete moja kwa nyundo, flatibaa (chuma bapa) ya 50 kwa 8, yaani upana milimita 50, unene 8. Siku nzima. Imetoka yai. Nikaipiga nilivyoona inafaa, ikawa yai lililolala upande wa pili. Mke wangu akaniuliza kama nimeanza kutengeneza vitanda vya watoto.

Nimeamua kutengeneza mashine ya rola tatu, ya kuzungusha kwa mkono. Ninazo hafu shafti (vyuma vya kuzungusha magurudumu ya nyuma) mbili za lori la Fuso kutoka kwa muuza chuma chakavu, chaneli za fremu, jeki ya chupa ya tani 10, na mnyororo wa bodaboda wenye spoketi zake. Naomba kujua: rola mbili za chini ziachane kiasi gani? Jeki hiyo inafaa kukandamiza rola ya juu?

Urefu wa kukata nimeshapiga hesabu. 1100 mara 22 gawanya kwa 7 ni 3457. 800 ni 2514. Jumla 5971. Flatibaa ina mita 6, kwa hiyo moja inatoa pete ya nyuma na ya mbele, inabaki sentimita 3. Nimeshanunua mbili, ndizo zilizokuwa zimebaki dukani.

Bodaboda Nkuhungu

Mkuu hongera kwa tenda. Swali langu ni moja tu, huyo farasi anatoka wapi? Na kwa nini usifunge magurudumu ya mpira tukamaliza? Chuma juu ya lami kinateleza na kelele yake utaisikia mpaka Chamwino.

Kama unahitaji fuawe nzito, kipande cha reli kinafaa sana, kuna jamaa wanavyo.

Mzee Karakana

Hicho kipande cha reli kiache huko huko kwa hao jamaa. Nimefanya kazi karakana ya reli miaka 19. Ukikutwa nacho hakuna atakayekuuliza habari ya fuawe, utaulizwa ulikong'oa wapi.

Fundi wa Kibaigwa, kabla hatujafika kwenye rola, simamisha msumeno. Usikate chochote. Hesabu yako imepima mti, haikupima chuma.

Ukikunja flatibaa, upande wa nje unavutika na upande wa ndani unabanwa. Sehemu isiyobadilika urefu iko katikati ya unene. Kwa hiyo kipenyo cha hesabu si 1100, ni 1100 na unene mmoja wa chuma, yaani 1108. Hapo unapata 3482. Ya mbele ni 808, unapata 2539. Jumla 6021. Flatibaa yako ni 6000. Wazee walisema hivi: zungusha kipimo kwenye gurudumu, halafu ongeza unene wa chuma mara tatu na kidogo.

Halafu kuna kupunguza. Pete haivalishwi ikiwa sawa na mti, inakuwa ndogo kidogo, unaichoma moto inatanuka, unaivalisha, unaimwagia maji, inajikaza na kufunga viungo vyote vya gurudumu. Kwa gurudumu lako la nyuma, kama seremala amefunga viungo vizuri, mimi ningepunguza milimita 10 kwenye mzunguko. La mbele 8. Chuma cha urefu huo wa nyuma kikipanda nyuzi 400 juu ya joto la kawaida kinaongezeka karibu milimita 17, kwa hiyo kitaingia na nafasi kidogo ya kuhangaikia. Ukipunguza kwa tamaa, pete itavunja njiti (miti inayotoka kitovuni hadi ukingoni) au itavuta gurudumu likunjike kama sahani.

Toa hizo 18 kwenye 6021, unabaki na 6003. Umepungukiwa na milimita 3, na msumeno wenyewe bado haujala chake.

Mwana wa Mhunzi

Shikamoo mzee. Nimekaa chini.

Flatibaa nyingine za 50 kwa 8 hapa Kibaigwa hazipo mpaka gari la Dodoma lije, na hizi mbili nimeshazifunga kamba juu ya paa la karakana kama mtu mwenye akili. Naweza kuungaunga vipande?

Mzee Karakana

Marahaba. Pete yenye viungo viwili si dhambi, ila kila kiungo ni mahali pa kukatikia. Njia rahisi ni kumpigia seremala leo hii. Gurudumu la mbele likiwa 780 badala ya 800, pete yake ni 788 mara 22 gawanya kwa 7, 2477, toa 8, unapata 2469. Jumlisha na 3472 ya nyuma, 5941. Umebakiwa na karibu sentimita 6. Gari halitadhurika, maana gurudumu la mbele limefanywa dogo ili lipite chini ya bodi ukikata kona. Mbele itashuka sentimita moja. Weka kipande cha mbao juu ya ekseli, hata bibi harusi hatajua.

Tena usiamini namba za seremala, wala zangu. Tafuta kifuniko cha bati cha kopo la rangi, toboa katikati, tia mpini, chora alama moja ukingoni. Anza alama juu ya alama, kizungushe kwenye gurudumu la mti ukihesabu mizunguko na kipande kinachobaki. Pete ikishaungwa, kizungushe kwa ndani ya pete. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo ile 10. Uingereza na Marekani mafundi wa magari ya farasi walikuwa na kigurudumu cha namna hiyo, na hata waliponunua mashine ya rola hawakukitupa.

Fundi Kereza

Niingie kwenye mashine sasa, maana ndiyo aliyouliza.

Rola za chini ziachane milimita 200, katikati hadi katikati. Ukizikaribisha mno utasukuma mpini mpaka mgongo ulie, ukiziachanisha mno mwanzo na mwisho wa flatibaa vitabaki vimenyooka sana. Hapo ndipo yai lako linapozaliwa, mashine au nyundo ni yale yale. Rola tatu haziwezi kukunja ncha. Kila upande utabaki na karibu sentimita 10 zilizonyooka, nusu ya nafasi ya rola. Wenye chuma cha kuchezea wanaacha urefu wa ziada halafu wanakata. Wewe huna. Kwa hiyo kabla ya kuingiza kwenye rola, chukua ncha zote mbili, zipashe moto mpaka ziwe nyekundu, zigonge juu ya bomba zifuate mchoro. Mchoro wenyewe uchore kwa chaki kwenye sakafu ya saruji, duara zima, kwa kamba na msumari.

Hafu shafti ni chuma kizuri ila ngozi yake imefanywa ngumu kwa moto kiwandani. Ukimpelekea fundi wa kukereza hivyo hivyo itamlia visu na atakulaani. Ichome iwe nyekundu, ifukie kwenye majivu mpaka kesho yake, ndipo uipeleke. Kereza ncha za kukaa kwenye bushi (bomba fupi ambamo ncha inazunguka). Bushi za shaba au hata chuma na grisi zinatosha, mashine hii haiendi mbio.

Jeki ya chupa iweke pembeni. Inasukuma vizuri lakini inarudi kidogo kidogo, na huwezi kujua pete ya pili umeikandamiza sawasawa na ya kwanza. Weka bolti mbili nene za M24 (unene milimita 24), moja kila upande, na nati zake zichomelewe kwenye fremu. Chora alama kwenye kichwa cha kila bolti. Robo mzunguko, pitisha. Robo mzunguko, pitisha. Mara tano au sita mpaka ifike kwenye chaki. Anayetaka kumaliza kwa mara moja anapata kona badala ya duara.

Kitu ambacho watu wengi husahau: bolti zikiwa hazilingani hata kidogo, rola ya juu inalala upande, na flatibaa inatoka imejizungusha kama springi ya kitanda. Chomelea washa kubwa pande mbili za rola za chini ziwe kingo, nafasi kati yake milimita 52. Mnyororo uzungushe rola zote mbili za chini. Mpini usipungue sentimita 60.

Kiungo cha pete: linganisha ncha, zipige grenda ziwe na mfereji pande zote mbili, chomelea ndani na nje, halafu lainisha. Ndani hasa, maana uvimbe utakaa juu ya mti.

Binti Hombolo

Naona chuma kimepata wazee wake, mimi nina neno kuhusu mnyama. Mimi ni mtu wa mifugo.

Kaka, muulize huyo mama mapema. Farasi huku kwetu anasumbuliwa na ugonjwa wa farasi wa Kiafrika, unaoenezwa na visubi, na kumtunza ni gharama. Punda mara chache sana huumwa nao. Akishapiga hesabu atakuja kwa punda wawili, na punda wetu begani ana kama mita moja tu. Ukiweka mti wa kuvutia kwa kimo cha farasi utamnyanyua mnyama kifuani. Weka sehemu ya kufungia yenye matundu matatu ya kupandisha na kushusha.

Na punda asivutishwe kwa kamba ya shingoni, hata kwa nusu saa ya picha.

Bodaboda Nkuhungu

Kwa hiyo ni harusi ya punda 😂

Mwana wa Mhunzi

Nimechelewa kurudi, wiki nne. Samahani.

Seremala alikubali 780 akaninung'unikia kidogo. Mashine imekamilika, fremu ya chaneli, nimeifunga kwenye kisiki cha mkwaju ambacho baba alikuwa akifulia majembe. Flatibaa ya kwanza ilijizungusha kama alivyosema Kereza, kwa sababu niliona washa za kingo ni urembo nikaziruka. Nikazichomelea. Pete zote nne zimetoka kwa siku moja na nusu, nami na kijana wangu tukipokezana mpini. Duara zinakaa juu ya chaki, kasoro ya nyuma kulia ina tumbo la milimita 4. Niliipiga nyundo mbili ikatulia.

Kuvalisha tulifanya jana asubuhi, kabla upepo haujaanza, maana mwezi huu wa Agosti Kibaigwa vumbi halina adabu. Tulilaza gurudumu juu ya matofali, tukachoma pete kwa kuni za mgunga pande zote kwa pamoja. Niliogopa kuitia nyekundu, mti usiungue. Mara ya kwanza haikuingia. Tukairudisha motoni, ikaingia, moshi ukapanda, tukamwaga maji ndoo sita. Mzee, ile sauti ya viungo vinapokazana! Tak, tak, tak, kama mahindi kwenye chungu. Njiti moja ilikuwa inacheza tangu ilipotoka kwa seremala, sasa haitikisiki.

Kuhusu mpira, nimemwambia yule mama kwamba chuma kitapiga kelele kwenye lami. Akasema ndiyo anayoitaka, mpiga video aichukue. Nitatoboa matundu ya bolti pembeni, akichoka tutafunga utepe wa mpira.

Punda amekubali. Weupe wawili, anasema atawatafuta Kondoa.

Sasa nimekwama kwenye springi. Nina majani ya springi ya pikapu, ni magumu, ukikaa juu yake unaruka.

Mzee Karakana

Hongera fundi. Hizo zilitengenezwa kubeba tani. Toa majani, bakiza mawili au matatu kila upande, halafu zipange mbili mbili zikitazamana kama midomo, ncha kwa ncha. Mwingereza Obadiah Elliott alizichukulia hataza mwaka 1804, na magari ya farasi yakaacha kuvunja watu viuno. Macho ya ncha yafungwe kwa pini yenye bushi, usichomelee. Chuma cha springi ukikichomelea kinakatika hapo hapo, na siku yenyewe itakuwa ya harusi.

Pima kwanza uzito wa bibi na bwana harusi.

Mwana wa Mhunzi

Nitakaa mimi na mke wangu. Amekataa, nitatafuta magunia mawili ya mahindi.