Kibali cha maji kinaulindaje Mto Ruaha Mkuu?

Mkulima wa Mbarali: Ndugu zangu, tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikatika wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, nasi tunaolima mpunga Usangu, upande wa juu wa mto, hulaumiwa kwanza. Skimu yetu ya umwagiliaji ina kibali cha kutumia maji, lakini banio, yaani pale maji yanapochepushwa kutoka mtoni kuingia mferejini, halina kipimo. Je, kibali cha namna hiyo kinaulinda mto kweli?

Mtaalamu wa umwagiliaji: Ndugu mkulima, bila kipimo hakiulindi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatanguliza mahitaji ya majumbani, kisha mazingira, ndipo wafuate watumiaji wengine. Lakini utaratibu huo hauwezi kusimamiwa ikiwa hakuna anayejua ni lita ngapi kwa sekunde zinazoingia mferejini, hasa kiangazi, mto unapobaki kijito. Wekeni lango linalofungika na rula ya kupima kina cha maji ambayo kila mwanachama anaweza kuisoma.

Mwanajumuiya wa watumia maji: Naafiki, ila lango pekee halitoshi. Kwetu tulikubaliana zamu, na bado walio juu walifungua usiku, wakatuachia sisi wa chini matope. Hali ilibadilika pale wa chini walipopewa nafasi kwenye kamati, wakawa wanakagua banio pamoja na wa juu.

Mkulima wa Mbarali: Nashukuru. Rula hiyo nitaipeleka kwenye mkutano wetu kabla ya mbegu kusiwa.