Sanduku la spana la Kennedy limeshika kutu: siki, magadi na umeme, au kupiga mchanga?

Mwana_wa_Fundi: Wakuu, marehemu baba ameniachia Kennedy 520, lile la droo saba lenye rangi ya kahawia ya mikunjomikunjo. Juu na ubavuni rangi ni nzima. Sakafu na droo mbili za chini zimeshika kutu. Nataka lirudi kazini. Nitumie njia gani?

Spana_Gerezani: Pole kwa msiba, mkuu. Mchanga achana nao kabisa. Bati la droo ni jembamba, likipigwa linapinda, na droo iliyopinda haiingii tena kwenye reli. Halafu rangi ile ya mikunjo ukishaitoa, kuirudisha ni kazi: inataka koti nene na joto ndipo ijikunje.

DadaLezi: Kweli. Siki ibaki kwa vitu vidogo, skrubu na komeo. Chochote chenye zinki usikiloweke, siki inaimaliza zinki. Ukitoa, suuza kwa maji ya magadi, kausha, paka oili hapohapo. Chuma kitupu chenye unyevu hakichelewi kushika kutu mpya.

Waya_Mbili: Kwa droo zile mbili mimi nasema umeme. Ndoo ya plastiki, maji, magadi kama kijiko kimoja cha chakula kwa lita. Chaja ya betri ya gari: hasi kwenye droo, chanya kwenye kipande cha nondo, visigusane. Kutu inalegea, chuma kizima hakiliwi kama kwenye siki. Stenlesi usiweke upande wa chanya, maji yanaweza kuingia kromiamu yenye sumu. Fanyia nje, mbali na moto, maana haidrojeni inatoka.

Mwana_wa_Fundi: Na rangi ya droo itapona?

Waya_Mbili: Haiponi, inabanduka. Ndiyo maana nasema droo mbili tu, sanduku lenyewe lisiingie humo.

Spana_Gerezani: Sakafu ipige msasa wa maji, pale penye kutu tu, kisha praima na rangi. Msasa mkavu hapana, rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni baya, hasa kama kuna watoto nyumbani.

DadaLezi: Ile felti ya kijani ndani ya droo ing'oe yote, hata inayoonekana nzima. Inashika unyevu, na mara nyingi kutu huanzia chini yake. Mpya ibandike rangi ikishakauka kabisa.

Mwana_wa_Fundi: Asanteni sana. Droo mbili kwenye magadi, sakafu msasa wa maji. Juu naacha kama alivyoliacha mzee.