Huduma ya kupokelewa simu kwa sisi mafundi: ya dakika, ya kila simu, au kuajiri mtu?

FundiBaridi_Tabata

Habari zenu wakuu. Mimi ni fundi wa AC na majokofu, nipo Tabata, Dar, nina vijana wawili. Naomba ushauri wa mafundi wenzangu, uwe wa bomba, umeme, aluminiamu au rangi, maana naamini hili linatugusa wote.

Nikiwa juu ya ngazi na drili mkononi, au nimefungua mashine ya nje mikono imejaa uchafu, simu siwezi kupokea. Mteja ambaye AC inamwagia maji kitandani hasubiri. Anapiga kwa fundi wa pili, wa tatu, na atakayepokea ndiye mwenye kazi. Nikimpigia baada ya saa moja naambiwa "asante, nimeshapata mtu". Joto la Dar likishika, Desemba mpaka Machi, ndipo kazi zinajaa na ndipo simu zinanipita zaidi. Inaniuma sana, kwa sababu miezi hiyo ndiyo inayonilipia kodi ya fremu ya mwaka mzima. Vijana siwezi kuwaachia simu, nao wako juu na mimi.

Kuna kampuni zinazokupokelea simu na kukuandikia ujumbe wa mteja. Nimeomba bei sehemu tatu:

Ya kwanza ni 60,000 kwa mwezi, napewa dakika 60, zikiisha kila dakika ni 1,200.

Ya pili haina kifurushi, ni 1,500 kwa kila simu wanayopokea.

Ya tatu ni 180,000 kwa mwezi, simu bila kikomo, saa 2 asubuhi mpaka saa 12 jioni, Jumatatu hadi Jumamosi.

Simu zinazonipita ni kama tano kwa siku. Karibu nusu ni kazi mpya, nyingine ni wateja wanaouliza nimefika wapi, wauza vipuri, na waliokosea namba. Hiyo ya 60,000 ndiyo ninayoiweza bila kujibana. Kuna aliyewahi kutumia? Nisaini au nisubiri?

DadaMapokezi

Kaka, pole na kazi. Nimefanya kazi ya kupokea simu za biashara za watu kwa miaka, kwa hiyo nakueleza nilivyoyaona nikiwa mle ndani.

Usisaini kwanza. Waulize kitu kimoja: dakika wanaihesabu vipi? Simu ya mteja wa fundi huwa fupi. Jina, mtaa, tatizo, "fundi atakupigia", imeisha. Tuseme dakika 1 na sekunde 20. Kama wanapandisha kila simu mpaka dakika kamili, hiyo wameandika dakika 2.

Sasa piga hesabu. Simu tano kwa siku, siku 26, ni simu 130. Kwa dakika 2 kila moja, ni dakika 260. Toa 60 za kifurushi, zinabaki 200, mara 1,200 ni 240,000. Jumlisha 60,000 yako, umefika 300,000. Hiyo ndiyo bei yako ya mwezi.

Wakihesabu kwa sekunde, simu zilezile 130 ni kama dakika 173, na bili inakuwa 196,000. Tofauti ya 104,000 yote imetoka kwenye sekunde ambazo hakuna mtu aliyeongea.

Ya pili: 130 mara 1,500 ni 195,000. Lakini hapo uliza aliyekosea namba anahesabiwa au hahesabiwi, na mteja mmoja akipiga mara tatu siku hiyo hiyo inakuwaje. Sehemu nyingine simu ya chini ya sekunde kadhaa hawaidai, nyingine wanadai zote. Wakikuondolea zisizo za kazi, hii inashuka sana.

Ya tatu kwa hesabu yako ndiyo ya chini, 180,000, na haitakushtua Januari simu zikiongezeka mara mbili. Ila Jumapili haipo na usiku haupo.

Halafu uliza kama bei hizo zina VAT ndani. Kama haimo, ongeza asilimia 18 juu ya kila moja: 354,000, 230,100 na 212,400.

UmemeTemeke

Dada ameeleza vizuri sana. Mimi nataka kuongeza njia ya nne ambayo fundi hajaitaja: kuajiri.

Chukua binti au kijana anayeongea vizuri, mshahara tuseme 250,000. NSSF upande wa mwajiri asilimia 10, ni 25,000. WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, asilimia 0.5, ni 1,250. Jumla 276,250 kabla ya vocha na nauli. SDL, tozo ya kuendeleza ujuzi, haikuhusu, hujafikisha wafanyakazi kumi. Peke yako ni mzigo. Mkiwa mafundi watatu, wa AC, wa bomba na wa umeme, kila mmoja anatoa kama 92,000. Na huyo mtu anakuwa wenu, anawajua wateja, anajua Kinyerezi na Mbezi Beach huwezi kwenda mchana mmoja ukarudi.

Hapo ndipo naona kampuni hizi hazitusaidii. Mpokeaji ambaye hajui kazi anaandika "AC mbovu, apigiwe". Fundi anapiga upya, anauliza yote upya, vocha imeliwa mara mbili.

DadaMapokezi

Ni kweli, na tiba yake ni karatasi ya maswali. Kampuni nzuri inakubali uwaandikie. Kwa fundi AC ningeandika hivi: uko mtaa gani na jirani na nini, ni nyumba au ofisi, ghorofa ya ngapi, AC ni ya ukutani au ya dirishani, haipozi, inavuja, inapiga kelele au haiwaki kabisa, mara ya mwisho ilisafishwa lini, utakuwepo saa ngapi. BTU (nguvu ya mashine kupoza) na aina ya gesi asiulizwe, mteja hajui na anachoka. Aombwe atume picha ya kibandiko cha mashine kwa WhatsApp, humo utaona kama gesi ni R22 au R410A kabla hujatoka nyumbani.

Na bei asitaje kamwe, zaidi ya ada ya kuja kukagua kama unayo.

Mzaramo_Dallas

Nawasalimu kutoka Dallas, Texas. Nafanya kazi hiyo hiyo ya AC huku. Huduma hizi huku ni za kawaida kwa mafundi, na mtego ni uleule wa kupandisha dakika. Kuna wanaohesabu kwa vipande vya sekunde sita, kuna wanaopandisha mpaka dakika nzima, na tangazo linaonyesha bei ya mwezi tu. Soma pia kama muda ambao mpokeaji anaandika maelezo baada ya mteja kukata simu nao unahesabiwa. Na uliza kuhusu sikukuu, kuna wanaotoza zaidi.

Siku hizi wengine wanaweka sauti ya kompyuta ipokee, ni rahisi kuliko mtu. Kwa wateja wangu wazee haikufaa, wanakata.

FundiBaridi_Tabata

Wakuu, nashukuru mno. Hiyo 300,000 sikuitegemea kabisa. Nimewapigia wale wa kwanza, wamekiri wanapandisha dakika. Hao nimewaacha.

Swali jingine: simu zinawafikiaje? Wa tatu wanataka nibandike namba yao kwenye gari na kwenye kadi.

DadaMapokezi

Hapana kaka, hilo usikubali. Namba yako ndiyo biashara yako. Ukiachana nao mwakani, kila mteja mwenye kadi yako atakuwa anawapigia wao. Baki na namba yako, daivati, yaani elekeza kwao, zile tu usizopokea. Bonyeza **61*, weka namba yao, kisha *11*20# na upige. Simu itaita kwako sekunde 20, usipopokea inakwenda kwao. Ukiwa unaongea na mtu mwingine ni **67* na namba yao na #. Kuondoa ni ##61# na ##67#.

Mambo mawili hapo. Kipande cha simu kutoka kwako kwenda kwao unakilipa wewe kama umepiga, kwa hiyo ongeza dakika za kifurushi kwenye hesabu, na ulizia mtandao wako wanatozaje. La pili, simu za WhatsApp hazidaivatiki. Kwa wateja wa Masaki na Mikocheni hilo ni kubwa. Weka WhatsApp Business, ni bure, na ujumbe wa kujijibu: "Niko kazini, tafadhali piga simu ya kawaida, utapokelewa."

Mwisho, mkataba useme orodha ya wateja ni mali yako na wataifuta ukiondoka. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kampuni makini haitashtuka ukiitaja.

FundiBaridi_Tabata

Nimeelewa. Nitaomba wa tatu mwezi mmoja wa majaribio, kwa kudaivati, namba yangu ibaki kwenye gari. Wakikataa naenda kwa wa pili, lakini waliokosea namba wasihesabiwe. Na wazo la kuajiri mtu mmoja tukichangia mafundi watatu nalipenda zaidi kadiri ninavyolifikiria, maana Jumapili wateja wangu wako nyumbani na ndiyo siku wanayowasha AC mchana kutwa. Fundi bomba ninaye, jirani yangu hapa Segerea. Nakosa wa umeme.

UmemeTemeke

Nipo Temeke lakini kazi zangu nyingi ziko Tabata na Buguruni. Njoo PM, tukae sisi watatu wiki hii tuandike nani anatoa kiasi gani na Jumapili anashika nani.